Mzaha Mzaha Hutumbuka Usaha: Habari za Mtangazaji Kantano Habimana

Katika mwambao wa Ziwa Mweru, kuanzia Mofwe hadi Nchelenge na Kashikishi, redio huamka mapema kuliko ofisi. Mvuvi arudiye na mtumbwi wa chisense huisikia ikilia kutoka kibanda cha chai. Mama auzaye maandazi huifungua kabla moto wake haujashika vizuri. Na askari wa zamu ya usiku, ambaye tangu jua kuchwa hakusikia ila maji na mbu, huifurahia sauti ya mtangazaji wa asubuhi kama amfurahiavyo mwenzake ajaye kumpokea lindo. Sauti hiyo ikiwa na ucheshi, uchovu hupungua. Ikiwa na uchokozi kidogo, kambi nzima hupata la kuzungumza hadi jioni.

Basi mtangazaji mcheshi si mtu mdogo. Huingia majumbani mwa watu bila kubisha hodi, hukaa nao wakiwa bado hawajanawa uso, na huwaambia mambo ambayo mgeni mwingine asingethubutu kuyatamka. Watu humsamehe mengi kwa kuwa amewachekesha. Msamaha huo ndio mtaji wake, na kama ulivyo mtaji wowote, waweza kutumiwa katika biashara ya halali au ya haramu.

Makala haya yanamhusu mtangazaji mmoja wa aina hiyo, Kantano Habimana wa Rwanda, ambaye mwaka 1993 aliwavunja mbavu wasikilizaji wa Kigali, na mwaka 1994, kwa sauti ile ile na kicheko kile kile, akawahimiza kuua. Tumezichagua habari zake kwa ajili ya askari wa jeshi na polisi wa mwambao huu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba moto uliowashwa Rwanda mwaka ule uliwafukuza watu hatua kwa hatua hadi kwenye ziwa letu. Ya pili ni kwamba mlinzi wa usalama hupaswa kujua tofauti kati ya mcheshi wa kuvumiliwa na mchochezi wa kuzuiliwa, maana akikosea upande wowote, wananchi ndio walipao.

UTANI NA SHERIA ZAKE

Kabla hatujafika Kigali, yafaa tuanze na jambo tunalolijua nyumbani. Katika Zambia, Wabemba na Wangoni ni watani. Mababu zao walipigana vita vikali katika karne ya 19, na wajukuu wakaigeuza kumbukumbu ya vita kuwa kicheko. Mngoni humwambia Mbemba kwamba anakula nyani. Mbemba naye hujibu kwamba Mngoni hula panya. Na wote wawili hucheka mbele ya watu, kazini, sokoni, hata katika sherehe za jadi zihudhuriwazo na viongozi wa nchi. Koo nazo zina utani wao, na mgeni asiyezijua mila anaweza kudhani kwamba ugomvi umeanza, kumbe ni salamu.

Utani huu una sheria ambazo hazikuandikwa, lakini kila mtu anazijua. Sheria ya kwanza ni kwamba mtaniwa ana haki ya kujibu, na jibu lake laweza kuwa kali kuliko alivyoambiwa. Ya pili ni kwamba mtani hushiriki katika msiba: yule aliyekudhihaki jana ndiye atakayekuja kusaidia katika mazishi ya ndugu yako. Ya tatu ni kwamba utani haumtoi mtu katika ubinadamu. Humwita mlafi, mwoga au mshamba, lakini humwita mtu.

Hata redio imewahi kuishi kwa sheria hizi. Wazee wanaosikia Kibemba wanakumbuka kipindi cha Radio Zambia kiitwacho "Kabusha Takolelwe Bowa", kilichoendeshwa na David Yumba kwa zaidi ya miaka 20. Jina lake ni methali yenye maana kwamba aulizaye hadhuriki na uyoga wa sumu. Watu waliandika barua wakieleza matatizo yao ya ndoa, fedha, kazi na jirani, naye Yumba akawajibu, pengine kwa maneno ya kuchoma. Lakini msikilizaji ndiye aliyeanza kusema. Mlango ulikuwa wazi pande zote mbili.

Tuzishike sheria hizi tatu, maana ndizo zitakazotusaidia kuona ni mahali gani Kantano Habimana alipovuka mpaka.

REDIO ILIYOONGEA KAMA BAA

Rwanda ya miaka ya mwanzo ya 1990 ilikuwa na redio ya taifa iliyosema kwa utaratibu wa ofisi. Taarifa zilisomwa kwa sauti nzito, uteuzi wa viongozi ukatangazwa, hotuba zikarudiwa. Nchi yenyewe ilikuwa vitani tangu Oktoba 1990, pale wapiganaji wa RPF, waliojiita Inkotanyi, wengi wao wakiwa watoto wa wakimbizi wa Kitutsi, walipoingia kutoka Uganda. Serikali ya Rais Juvénal Habyarimana na RPF walikuwa wakijadiliana, na tarehe 4 Agosti 1993 walitia sahihi mkataba wa amani mjini Arusha.

Mwezi mmoja kabla ya sahihi hizo, tarehe 8 Julai 1993, kituo kipya kilianza kusikika Kigali. Kiliitwa Radio Télévision Libre des Mille Collines, kwa kifupi RTLM. Kilikuwa mali ya watu binafsi kwa jina, lakini miongoni mwa wenye hisa walikuwamo wafanyabiashara na wakubwa waliokuwa karibu sana na utawala, na ambao hawakuupenda mkataba wa kugawana madaraka. Mwenyekiti wake alikuwa tajiri Félicien Kabuga, na mmoja wa viongozi wake wa fikra alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, Ferdinand Nahimana.

Wakubwa hao walifahamu jambo ambalo redio ya taifa haikulifahamu, yaani kwamba kijana wa mjini hataki kuhutubiwa. Basi wakaleta muziki wa Zaire uliokuwa ukipendwa, wakaruhusu wasikilizaji kupiga simu, wakasoma salamu na vikaratasi, na wakawaweka kwenye kipaza sauti watu wenye ulimi mwepesi. Kusikiliza RTLM kulikuwa kama kukaa baa na marafiki mkinywa pombe ya ndizi, mmoja akisimulia umbea wa mtaani na wengine wakiangua kicheko.

Katika watu hao wenye ulimi mwepesi, Kantano Habimana alikuwa nyota. Alizungumza Kinyarwanda cha mitaani, alitumia mafumbo na matusi ya nusu nusu, aliimba pale alipojisikia kuimba, alicheka vichekesho vyake mwenyewe kabla msikilizaji hajacheka. Aliwachokoza wanasiasa kwa majina. Alimhoji hewani hata Tito Rutaremara, mmoja wa viongozi wa RPF, na akawacheka wale walionung'unika kwamba adui amepewa nafasi. Mtu aliyezoea redio ya serikali alihisi kwamba dirisha limefunguliwa.

Kwa hiyo kituo kikapendwa haraka, na wala si na wafuasi wa utawala peke yao. Hata wapiganaji wa RPF, ambao walikuwa na redio yao wenyewe iliyoitwa Muhabura, walikuwa wakiisikiliza RTLM kwa kuwa ilichekesha kuliko yao. Hapa msomaji atue kidogo na kutafakari. Watu walioimbiwa mauti yao walikuwa miongoni mwa waliocheka.

JINSI MZAHA ULIVYOGEUKA

Mgeuko haukuja kwa siku moja. Neno "inyenzi", yaani mende, lilikuwapo tangu miaka ya 1960, likitumiwa kwa wapiganaji wa Kitutsi waliovuka mipaka usiku. RTLM ililichukua neno hilo na kulitandaza. Kwanza lilimlenga mpiganaji mwenye bunduki. Kisha likamlenga aliyedhaniwa kumuunga mkono. Kisha likawa jina la Mtutsi yeyote, awe mwalimu, muuguzi au mtoto mchanga. Kila hatua ilifanywa kwa kicheko, na kwa sababu hiyo aliyeudhika alionekana kuwa mtu asiyejua mzaha.

Hii ndiyo kazi kubwa ambayo mzaha uliifanya, na ambayo hotuba isingeiweza. Hotuba ya chuki humlazimisha msikilizaji kuchagua: ama akubali, ama akatae. Mzaha haumwulizi. Msikilizaji hucheka kwanza, na akishacheka amekwisha kushiriki. Kesho yake mzaha huongezwa chumvi kidogo, naye huona haya kuukataa leo ilhali jana alicheka. Hivyo ndivyo maelfu ya watu wa kawaida walivyozoeshwa, asubuhi baada ya asubuhi, kusikia jirani yao akiitwa mdudu bila kushtuka.

Tuzirudie sasa zile sheria za utani. Kwanza, mtaniwa wa RTLM hakuwa na jibu. Walitajwa watu kwa majina, mahali walipoishi, hata namba za magari yao, na aliyetajwa hakuwa na kipaza sauti cha kujitetea. Alikuwa na mlango wa kufunga tu. Pili, mtani huyu hakuja msibani kusaidia kuzika, bali aliufanya msiba wenyewe kuwa kichekesho. Tatu, mtaniwa alitolewa katika hesabu ya watu. Mende hana ukoo, hana mazishi, na anayemkanyaga hahojiwi. Sheria zote tatu zilivunjwa, na kilichobaki hakikuwa utani tena, ijapokuwa kicheko kilikuwa kile kile.

Tarehe 3 Aprili 1994, Noël Hitimana, mtangazaji mwingine wa kituo hicho aliyesifika kwa ucheshi, aliwaambia wasikilizaji kwamba katika siku hizo kungekuwa na kijambo kidogo Kigali. Tarehe 6 Aprili usiku, ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa ikikaribia kutua. Mauaji yakaanza usiku ule ule.

RTLM ilieneza kwamba Wabelgiji ndio walioitungua ndege. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili askari 10 wa Kibelgiji wa jeshi la kulinda amani la Umoja wa Mataifa, waliokuwa wametumwa kumlinda Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, walinyang'anywa silaha na kuuawa na askari wa Rwanda katika kambi moja mjini. Waziri Mkuu mwenyewe aliuawa siku hiyo. Ubelgiji ikaondoa kikosi chake, na jeshi la amani likabaki dhaifu wakati lilipohitajiwa zaidi. Askari yeyote asomaye habari hii na aone uzito wake: uvumi uliosemwa redioni ulisaidia kuwaua wanajeshi wenye kofia za buluu, na kifo chao kikaufungua mlango kwa mauaji ya raia.

Katika siku 100 zilizofuata waliuawa watu wapatao 800,000 kwa hesabu itajwayo mara nyingi na Umoja wa Mataifa. Serikali ya Rwanda hutaja zaidi ya milioni moja. Kantano Habimana hakunyamaza wala hakubadili mtindo. Aliwasalimu walinzi wa vizuizi vya barabarani, akawasifu, akawatania, akawatia moyo. Tarehe 4 Juni 1994 aliwaeleza wasikilizaji namna ya kumtambua wa kuuawa kwa kimo na sura yake, na kuhusu pua akasema itazamwe kisha ivunjwe. Tarehe 2 Julai aliimba kwa furaha kwamba Inkotanyi wamekwisha kumalizwa. Siku mbili baadaye RPF iliiteka Kigali, na watangazaji walikuwa wamekwisha kukimbilia upande wa Gisenyi, ambako sauti ya kituo ilisikika kwa muda mfupi kabla ya kuzimika.

REDIO PEKE YAKE HAIUI

Hatuna budi kuwa waangalifu tusimpe mtangazaji uwezo wa mchawi. Mtaalamu Scott Straus, aliyewahoji zaidi ya wafungwa 200 waliokiri kushiriki katika mauaji, alieleza mwaka 2007 kwamba wengi wao hawakutoka majumbani kwa kuitwa na redio. Waliitwa na viongozi wa mitaa, na askari, na majirani waliopita mlango kwa mlango. Mchumi David Yanagizawa-Drott, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, alilinganisha vijiji vilivyoipata RTLM na vile ambavyo milima iliyazuia mawimbi yasivifikie, akakadiria kwamba takriban asilimia 10 ya ushiriki katika mauaji ilitokana na matangazo hayo.

Asilimia 10 yaweza kuonekana ndogo kwa mtu asomaye takwimu. Katika mauaji ya kiasi kile, ni makumi ya maelfu ya wauaji. Tena utafiti huo unatufunza jambo la kiaskari: redio ilifanya kazi pale ilipopata mkono wa kuutekeleza mzaha wake. Mkono huo mara nyingi ulikuwa na sare. Mahali ambapo mkuu wa eneo au askari alikataa, maneno ya redio yalichelewa kuzaa matunda. Mahali ambapo yeye mwenyewe aliongoza, matunda yalikuja siku hiyo hiyo.

Je, redio hiyo ingeweza kuzimwa? Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, kamanda wa jeshi la Umoja wa Mataifa, aliomba mawimbi yake yazuiwe. Wakubwa wa ulinzi wa Marekani walilitazama jambo hilo, na waraka wao wa tarehe 5 Mei 1994 ulisema kwamba ndege ya kufanya kazi hiyo ingegharimu kiasi cha dola 8,500 kwa saa ya kuruka, na kwamba njia hiyo haifai. Ndege haikuja. Kantano akaendelea kuchekesha.

HUKUMU YA ARUSHA

Baadaye haki ilifika, ingawa si kwa wote. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilikaa Arusha. Georges Ruggiu, raia wa Ubelgiji aliyetangaza kwa Kifaransa katika RTLM, alikiri makosa na mwaka 2000 akahukumiwa kifungo cha miaka 12. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama hiyo iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na mhariri wa gazeti, Hassan Ngeze. Katika rufani ya tarehe 28 Novemba 2007 baadhi ya makosa yalifutwa na vifungo vikapunguzwa: Nahimana miaka 30, Barayagwiza miaka 32 na Ngeze miaka 35. Mtangazaji wa kike, Valérie Bemeriki, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya gacaca nchini Rwanda mwaka 2009. Kabuga alikamatwa Ufaransa mwezi Mei 2020 baada ya kujificha kwa zaidi ya miaka 20, lakini mwaka 2023 majaji waliona kwamba afya yake haimruhusu tena kushtakiwa.

Kantano Habimana hakuwahi kusimama kizimbani Arusha. Kanda za sauti yake ndizo zilizosimama badala yake. Zilichezwa mbele ya majaji, zikatafsiriwa neno kwa neno, na maneno yaliyowahi kuchekesha Kigali nzima yakasomwa katika chumba ambamo hakuna aliyecheka. Hukumu hiyo iliweka wazi kwamba mtu anaweza kuwa na hatia kubwa bila kushika panga, ikiwa ameshika kipaza sauti kwa nia ile ile ya mwenye panga.

SI KILA MCHOKOZI NI MCHOCHEZI

Hata hivyo, ingekuwa hatari kama askari polisi angeyasoma haya na kesho yake akaenda kumkamata kila mtangazaji anayecheka kwa sauti kubwa. Kenya imetoa mfano wa kutufunza uangalifu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia ziliua watu zaidi ya 1,100. Joshua arap Sang, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi katika Kass FM, kituo kitangazacho kwa Kikalenjin, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague. Kesi yake ilianza tarehe 10 Septemba 2013. Tarehe 5 Aprili 2016 majaji kwa wingi wao waliisimamisha, wakiona kwamba ushahidi wa upande wa mashtaka hautoshi, na mshtakiwa akaachiliwa. Funzo kwa mpelelezi ni kwamba uvumi juu ya alichosema mtangazaji si ushahidi. Ushahidi ni kanda, tarehe, tafsiri sahihi, na uhusiano kati ya neno na tendo.

Zaidi ya hayo, jeshi lenyewe linahitaji wacheshi. Mwaka 1965 na 1966, sajini wa Jeshi la Anga la Marekani, Adrian Cronauer, aliendesha kipindi cha alfajiri katika redio ya jeshi mjini Saigon, akikifungua kwa salamu ya kuvuta maneno iliyowafanya askari wa porini kutabasamu. Redio ile ilikuwa chini ya udhibiti, na si kila habari iliruhusiwa kusomwa. Mwaka 1987 ilitoka sinema juu yake, na mwigizaji Robin Williams akamwonyesha kama mwasi asiyeambilika. Cronauer mwenyewe alisema kwamba kama angefanya hata nusu ya mambo ya sinema ile, angeshtakiwa katika mahakama ya kijeshi. Mzaha wake ulikuwa juu ya maisha ya askari wenyewe: chakula, joto, amri zisizoeleweka. Waliotaniwa na waliosikiliza walikuwa watu wale wale, wala hakuna aliyekufa kwa sababu ya utani huo.

Huo ndio mpaka. Mcheshi anayewatania wakubwa, au watu wake mwenyewe, au nafsi yake, hata akiwa mkali, anabaki ndani ya utani. Anayemdhihaki asiyeweza kujibu, akamtaja jina na nyumba, akamwita mnyama au mdudu, na akasema kwamba lazima hatua ichukuliwe, huyo amekwisha kutoka. Kicheko chake kisimpe kinga.

MOTO ULIVYOFIKA MWERU

Msomaji wa Nchelenge aweza kuuliza: Kigali ni mbali, sisi inatuhusu nini? Atazame ramani. Mwezi Julai 1994 zaidi ya Wanyarwanda milioni moja walivuka kuingia Zaire, wakiwamo askari walioshindwa na wanamgambo walioua. Kuwapo kwao huko kulikuwa mojawapo ya sababu za vita vya 1996, na vita hivyo vikazaa vingine mwaka 1998. Mwanzoni mwa Desemba 2000 vita hivyo vilifika Pweto, pale Mto Luvua unapotoka katika Ziwa Mweru. Mji ulipoanguka, raia kwa maelfu, pamoja na askari wengi wa serikali ya Kongo, walivuka kuingia Zambia. Askari hao walinyang'anywa silaha na walinzi wa nchi hii, na raia wakapelekwa katika kambi kama Kala ya Kawambwa na Mwange ya Mporokoso. Mwaka 2017 ghasia nyingine katika mikoa ya Tanganyika na Haut-Katanga zilileta maelfu ya watu katika kituo cha Kenani, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa hapa hapa Nchelenge.

Hatusemi kwamba mtangazaji mmoja ndiye aliyewaleta watu wote hao. Sababu za vita ni nyingi. Tunasema kwamba yeye alikuwa mmoja wa waliopuliza moto, na kwamba moshi wake umeonekana hadi katika fukwe zetu, ambako Kiswahili cha Pweto na Kilwa husikika sokoni pamoja na Kibemba.

Wala nchi ya Zambia haikuepuka jaribio hilo. Mwezi Aprili 2016 mjini Lusaka ulienea uvumi kwamba wageni wanahusika na mauaji ya kishirikina. Maduka ya Wanyarwanda yakavunjwa na kuporwa katika mitaa kadhaa, na watu wawili wakachomwa moto hadi kufa. Serikali ikawatuma askari jeshi kusaidia polisi, na utulivu ukarudi. Katika siku zile sare ilifanya kinyume cha ilivyofanya Kigali: ilisimama kati ya uvumi na mlango wa jirani. Hiyo ndiyo tofauti kati ya ghasia za siku chache na maangamizi ya siku 100.

WAJIBU WA ALIYEVAA SARE

Kutokana na hayo, ndugu askari wa vyeo vyote, yapo mambo ambayo kila mmoja wetu aweza kuyafanya bila kusubiri amri maalumu. Unaposikia kichekesho redioni, au kwenye simu ambazo siku hizi zimechukua nafasi kubwa ya redio, jiulize kama mtaniwa anaweza kujibu. Jiulize kama bado anaitwa mtu. Jiulize kama mchekeshaji ametaja jina, nyumba au gari la raia asiye na madaraka. Ukiona jibu ni baya, usikirudie katika bwalo, wala usikipeleke kwa mwingine, maana askari akikirudia kichekesho, raia hukichukua kuwa ruhusa. Andika tarehe, saa, kituo na maneno yaliyosemwa, umpe mkuu wako. Na ukiwa kwenye kizuizi cha barabara au kivuko cha ziwa, mtu anayefika mbele yako apimwe kwa hati na kwa vitendo vyake, kamwe si kwa pua wala kimo.

Kwa upande mwingine, tusiwanyime wananchi kicheko chao. Mtangazaji anayemtania diwani kwa barabara mbovu, au anayetutania sisi wenyewe kwa matumbo yaliyoshinda mikanda, anatufanyia kazi, na nchi ambayo askari wake hawawezi kutaniwa haina afya. Acheni acheke asubuhi, nasi tucheke naye, kisha twende lindoni tukiwa na akili iliyo macho.

Wahenga waliokwisha kuona mengi walisema kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kule Kigali jipu lilibonyezwa kwa vicheko kwa miezi tisa, mbele ya watu waliokuwa na uwezo wa kusema basi, wengi wao wakiwa wamevaa sare kama hizi zetu. Hawakusema.